Mahafali ni Sikukuu ya Nani?

Kila mwaka miezi ya Agosti na Septemba iingiapo, shule zetu za msingi za Kikatoliki huanza kunukia rangi mpya. Kuta hupakwa chokaa, nyasi hufyekwa, turubai hukodiwa, na kwaya ya watoto hufanya mazoezi hata jua kuchwa. Ni majira ya mahafali ya Darasa la Saba. Wazazi hupokea barua, wengine kwa furaha, wengine kwa moyo mzito kwa sababu ya tarakimu iliyoandikwa chini ya barua ile. Sisi mapadre nasi twaalikwa: kuadhimisha Misa, kubariki vyeti, na kula pilau.

Juma hili tumeona vema kuifanya sikukuu hiyo kuwa somo letu. Maana wengi hudhani ya kuwa shule hufundisha darasani tu, na kwamba siku ya sherehe ni siku ya kuyapumzisha mafundisho. Sivyo hata kidogo. Siku ya sherehe ndiyo siku ambayo shule hufundisha kwa sauti kubwa kuliko siku zote, mbele ya wazazi, majirani, na watoto wote tangu wale wa awali. Mtoto wa Darasa la Pili aliyeketi mkekani haisikilizi risala. Lakini atazama sana ni nani anayeitwa jina, ni nani anayepigiwa makofi, ni nani anayepewa kiti, na ni nani ambaye hayupo. Hayo atayashika upesi kuliko jedwali la kuzidisha, na hakuna mtihani utakaomsahaulisha.

Lugha yetu ina neno moja lenye maana mbili zinazotufaa hapa. Somo ni fundisho. Na somo, kama tusemavyo sisi Wakatoliki, ni mtakatifu yule ambaye twalichukua jina lake. Shule iliyowekwa chini ya mtakatifu ina somo kwa maana zote mbili. Kwa hiyo ni haki kuuliza: je, sikukuu ya shule yafanana na somo wake?

Tumchukue Mtakatifu Kizito, kwa kuwa shule zenye jina lake ni nyingi katika Afrika ya Mashariki. Kizito alikuwa kijana mtumishi katika jumba la Kabaka Mwanga wa Buganda. Alikuwa mdogo kuliko wote katika mashahidi wale 22, na masimulizi yampa umri wa miaka kumi na minne hivi, yaani rika la watoto wetu wa Darasa la Saba. Mwishoni mwa Mei 1886 Karoli Lwanga alimbatiza upesi upesi, kwa kuwa hatari ilikwisha kuwa mlangoni. Na tarehe 3 Juni mwaka ule ule akachomwa moto huko Namugongo. Papa Paulo VI aliwatangaza mashahidi hao kuwa watakatifu tarehe 18 Oktoba 1964. Kizito hakupata cheti cha aina yoyote. Darasa lake lilikuwa mafundisho ya dini, na mwalimu wake wa mwisho alikuwa kijana mwenzake aliyemtangulia miaka michache. Yasimuliwa kwamba Lwanga alimwahidi mtoto huyo kumshika mkono saa ya kujaribiwa itakapofika. Mkubwa hakusema, “Mimi niko tayari, wewe utajijua.” Picha hiyo ya mikono miwili tungependa kuiona imetundikwa katika ukumbi wa kila shule, mahali pale ambapo sasa hutundikwa orodha ya nafasi za darasani.

Kuna neno lingine la shule lenye historia. Mwanafunzi anayewasimamia wenzake twamwita kiranja. Watoto wengi hawajui kuwa neno hilo halikuzaliwa shuleni, bali jandoni. Kiranja alikuwa kijana wa kwanza kutahiriwa miongoni mwa wenzake: yeye alitangulia kwenye kisu, wengine wakimtazama wapate moyo. Cheo chake kilikuwa kutangulia katika maumivu, wala si kutangulia kupewa soda. Na vijana walipotoka jandoni, au mwari alipotolewa ndani, kijiji kizima kilishangilia. Mwenye kuku alichinja kuku, mwenye unga alileta unga, asiye na kitu alileta miguu yake kucheza ngoma. Hakuna aliyeuliza, “Huyu amekuwa wa ngapi?” Waliuliza kama amefundwa akafundika. Hatusemi kwamba ya kale yote yalikuwa mema. Mengine Kanisa liliyakemea kwa haki, ingawa mara nyingine yalikemewa pamoja nayo na yale yasiyostahili kukemewa. Lakini kijiji kushangilia pamoja kukua kwa mtoto wa mtu mwingine, hilo lilikuwa jema, na Injili hailipingi.

Shule za misioni zilirithi kitu cha namna hiyo. Tangu Mapadre wa Roho Mtakatifu walipofungua misioni ya Bagamoyo mwaka 1868, wakawalea humo watoto waliokombolewa utumwani, shule na Kanisa vilikaa nyumba moja. Baadaye, katika vigango vya bara, aghalabu mwalimu wa dini ndiye aliyekuwa mwalimu wa kusoma na kuandika. Darasa lilikuwa banda la nyasi, na kengele ilikuwa kipande cha chuma kilichotundikwa mtini. Mwaka 1969 ilipopitishwa Sheria ya Elimu, Serikali ya Tanzania ilizitwaa shule za mashirika ya dini, ili watoto wa dini zote wapate nafasi sawa. Tangu miaka ya 1990 majimbo, parokia na mashirika ya watawa yamerudi kufungua shule za msingi kwa bidii, nazo zimesifika kwa malezi na kwa mitihani.

Lakini tukubali kwamba zimerudi kwa sura nyingine. Nyingi huendeshwa kwa ada, nyingi hufundisha kwa Kiingereza, na watoto huletwa kwa basi kutoka mbali. Masista hawana mti wa kuchuma mishahara ya walimu. Hilo twalijua, wala hatumlaumu mtu kwa kutoza ada. Twataka tu kuonyesha lililofuata. Siku ya mahafali wenye sherehe ni wazazi waliokuja kwa magari, nao majirani, watu wa jumuiya ndogondogo zilizouzunguka ua, huisikia sikukuu kwa vipaza sauti. Twajua shule moja ambayo ua wake ni wa michongoma, na kila mwaka siku ya mahafali michongoma ile hutobolewa mahali. Watoto wa jirani huchungulia hapo. Mlinzi huwafukuza, nao hurudi. Watoto hao ni wa parokia ile ile, wamebatizwa katika kisima kile kile, na jumapili hukaa benchi moja na hao wenye sare nzuri. Bwana wetu alipoalikwa chakulani kwa Mfarisayo, alimwambia mwenyeji wake kwamba akifanya karamu awaalike wale wasio na cha kumrudishia. Hatudhani kwamba alikuwa anasema habari za Mafarisayo peke yao.

Sasa tuje kwenye ushindi wa wanafunzi, maana ndio unaotajwa zaidi siku ile.

Yafaa wazazi watazame kwanza jambo moja la kalenda. Mtihani wa Taifa wa Darasa la Saba kwa kawaida hufanywa mwezi wa Septemba. Mwaka 2024, mathalani, ulifanywa tarehe 11 na 12 Septemba, na matokeo yakatangazwa tarehe 29 Oktoba. Mahafali katika shule nyingi hufanywa kabla ya matokeo kutoka, pengine kabla ya mtihani wenyewe. Basi siku ile chini ya turubai hakuna ajuaye nani amefaulu na nani hakufaulu. Twashangilia nini? Alama hatuwezi kuzishangilia, maana hazijaandikwa. Twamshangilia mtoto aliyeletwa akilia, ameshika kanga ya mama yake, meno ya maziwa yakiwa hayajang'oka. Na leo amesimama mbele yetu, mrefu kuliko mama yake, ajua kusoma na kuhesabu, ajua kusali, ajua kumsalimu mkubwa na kumpisha mgonjwa. Mtakatifu Luka asimulia habari za Yesu mwenye umri wa miaka kumi na miwili, aliyekwenda Yerusalemu kwa sikukuu pamoja na wazazi, jamaa na rafiki. Waalimu wa hekaluni waliyastaajabia majibu yake, ndiyo. Lakini Mwinjili haishii hapo. Atueleza kwamba mtoto alirudi nyumbani, akawatii wazazi, akaendelea kukua mbele ya Mungu na mbele ya watu.

Kwa hiyo kalenda yenyewe yatufanyia hisani. Yatupa siku moja ambayo watoto wote wa darasa wako sawasawa, hakuna daraja juu ya kipaji cha mtu. Nasi mara nyingi twaiharibu siku hiyo kwa mikono yetu. Kwa kuwa alama za Taifa hazipo, twatafuta alama za majaribio. Kwa kuwa Baraza la Mitihani halijapanga watoto, twawapanga sisi. Meza ya zawadi hujaa. Mtoto mmoja huitwa: wa kwanza katika Hisabati. Hurudi kuketi, kisha huitwa tena: wa kwanza katika Sayansi na Teknolojia. Kisha Kiingereza. Kisha Uraia na Maadili. Mara ya tano mikono ya wenzake imechoka kupiga makofi, na mama wa mtoto mwingine, aliyeomba ruhusa sokoni akavaa gauni la kitenge alilolishona kwa ajili ya siku hiyo, anaanza kutazama viatu vyake.

Hatusemi zawadi zifutwe. Twamkataa vilevile mtu asemaye kwamba kila mtoto apewe zawadi ili asinung'unike mtu. Watoto wana macho; ukimpa mvivu zawadi ya bidii, umemdanganya yeye na umewadharau wenzake. Ila twataka tuujue vema mfano wa talanta, ambao husomwa sana katika Misa za mahafali na kufafanuliwa nusu. Mtumishi mmoja alipewa talanta tano, akaleta tano nyingine. Mwingine alipewa mbili, akaleta mbili. Sasa tazameni Bwana alivyowajibu: alimsifu mwenye mbili kwa maneno yale yale aliyomsifia mwenye tano, wala hakupunguza hata neno. Furaha aliyowakaribisha ni moja. Aliyekemewa ni yule aliyeifukia yake, wala hakukemewa kwa kuwa alipewa moja tu. Laiti wenye kupanga meza za zawadi wangeyapima mambo kwa mizani hiyo! Mtoto aliyeingia Darasa la Tano hajui kugawanya, akatoka Darasa la Saba anagawanya desimali, amezalisha talanta zake. Na huenda bado akawa wa thelathini na nne katika watoto arobaini.

Tena kuna faida nyingine zisizoandikwa katika cheti. Katika kila darasa yupo mtoto ambaye wenzake humkimbilia jioni kabla ya jaribio awaeleze sehemu na asilimia. Yupo anayeamka kwanza bwenini kumsaidia mdogo kutandika kitanda. Yupo aliyefiwa na baba muhula wa pili, akarudi shuleni baada ya juma moja, akaketi mahali pake. Walimu huwajua kidogo. Wanafunzi huwajua sana. Twatoa shauri: majuma mawili kabla ya sherehe kila mtoto wa Darasa la Saba aandike kwa siri katika kipande cha karatasi jina la mwenzake mmoja aliyemsaidia, na amemsaidia nini. Karatasi zihesabiwe na mwalimu wa darasa. Zawadi ya kwanza kuitwa siku ile iwe hiyo, na mgeni rasmi asome sababu zake. Gharama yake ni karatasi.

Wengine watasema: mbona shule zingine hufanya vile? Wazazi hutafuta shule inayoongoza, na shule isiyotangaza ushindi wake itabaki na madawati matupu. Neno hili si la kulidharau. Lakini na tutazame kwamba hata Baraza la Mitihani la Tanzania, Januari 2023 lilipotoa matokeo ya Kidato cha Nne, lilieleza kuwa limeacha desturi ya kutangaza shule kumi bora na watahiniwa bora. Chombo cha Serikali kimeuweka chini mzigo huo. Shule za Kanisa zina sababu gani ya kuuokota? Badala ya orodha ya Baraza, sasa twaona mabango langoni: sura za watoto saba, herufi A kubwa, namba ya simu. Wale wengine thelathini na tatu hupita chini ya bango lile kila asubuhi.

Na mbio hizo zina mwisho mbaya kuliko bango. Mtoto wa Darasa la Sita huambiwa na shule yake kwamba wastani wake haufai, ama arudie darasa ama atafute shule nyingine, ili hesabu ya shule isishuke mwaka utakaofuata. Wizara ya Elimu imekwisha kuikataza tabia hiyo. Kwetu sisi katazo ni la zamani zaidi. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya malezi ya Kikristo la tarehe 28 Oktoba 1965, ulifundisha kwamba shule ya Kikatoliki iwaangalie kwanza walio maskini wa mali, wasio na msaada na upendo wa familia, na wasiojaliwa imani. Shule inayomwondoa mtoto dhaifu ili ing'ae inaweza kuwa na msalaba juu ya paa na sista ofisini; lakini katika jambo hilo haijui imejengwa kwa ajili ya nani. Tunasema hivi kwa heshima, na kwa kuwa tumewaona wazazi waliokuja parokiani na barua ya namna hiyo mkononi, wakiuliza wampeleke wapi mtoto mwezi wa Novemba.

Turudi kwenye sherehe yenyewe, maana yapo mambo madogo yenye kusema makubwa.

La kwanza ni mchango. Hapa joho, hapa fulana, hapa keki, hapa picha, hapa chakula, hata mzazi mwenye watoto watatu akashindwa. Kuhusu majoho ya chuo kikuu kwa watoto wa miaka kumi na mitatu, sisi kwa upande wetu hatuyapendi sana. Sare safi ya shule yatosha, nayo imekwisha kununuliwa. Lakini majoho si shida kubwa. Shida ni mtoto kuambiwa asihudhurie kwa kuwa mchango haukulipwa, kisha kupewa cheti chake dirishani mwa ofisi siku nyingine, kama mtu anayepokea risiti ya maji. Mtoto huyo amesoma miaka saba. Kamati ya sherehe na ipige hesabu yake hivi: kwanza ihesabu watoto wote, bila kumwacha hata mmoja, kisha ihesabu fedha iliyopo, kisha ipike kwa kiasi hicho. Ikiwa fedha yatosha wali na maharage, basi wali na maharage. Hakuna cheti kilichopata kubatilika kwa kukosa nyama.

La pili ni kivuli. Mara ngapi tumewaona wageni wamekaa chini ya turubai na feni, na watoto wenye sikukuu wamekaa kwenye madawati juani, tangu Misa hata hotuba ya mwisho! Wengine huanguka. Kama turubai ni moja, wakae watoto. Wageni wana miamvuli.

La tatu ni risala na mnada. Risala ya wanafunzi mara nyingi huandikwa na mwalimu, husomwa na mtoto, na huhusu choo, basi na uzio. Haja hizo ni za kweli, lakini zina siku yake, ambayo ni mkutano wa wazazi. Mgeni rasmi akitoa fedha apewe shukrani. Akiuziwa keki kwa mnada kwa nusu saa nzima, wenye fedha wakitajwa majina na wasio nazo wakiinamisha vichwa, watoto wamejifunza tena orodha nyingine ya wa kwanza na wa mwisho.

Badala yake wapewe nafasi ya kusema kwa vinywa vyao. Twaipenda sana ngonjera, na si kwa sababu ya mapokeo tu. Aliyeieneza utunzi huo mashuleni ni Mathias Mnyampala, mshairi Mkatoliki wa Ugogo, aliyezaliwa mwaka 1917 na kufariki mwaka 1969. Vitabu vyake vya Ngonjera za UKUTA vilitoka baada ya kifo chake, mwanzoni mwa miaka ya 1970. Ngonjera ni mabishano ya watu wawili: mmoja ameshika jambo kwa kutojua, mwingine amjibu ubeti kwa ubeti, hata mwishoni wakubaliane. Hakuna anayeondoka jukwaani ameshindwa. Wote wawili wamefika mahali pamoja. Watoto wa Darasa la Saba watunge ngonjera yao wenyewe, mwalimu asahihishe mizani tu, nasi tukae kimya tuwasikilize. Twaweza kusikia mambo ya shule ambayo risala haitayataja.

Na watoto wasio Wakatoliki wasisahauliwe. Katika shule zetu wamo Waislamu, Walutheri, Waanglikana na wengine, wazazi wao wametuamini kwa miaka saba. Misa ya mahafali ni yetu kwa taratibu zake, lakini shukrani ni ya wote. Mzazi wa Kiislamu akipewa nafasi baada ya Misa aseme neno la kuwashukuru walimu, hakuna kitakachopungua katika imani yetu. Chakula nacho kitayarishwe kwa namna ambayo hakuna atakayeuliza kwa wasiwasi kilicho ndani ya sufuria.

Sasa tuseme juu ya siku ya pili, ambayo haina turubai wala kwaya: siku ya matokeo. Mzazi na ajue kinachohesabiwa. Masomo ni sita, kila somo alama 50, jumla 300. Mwenye alama 121 hadi 180 hupata daraja C, naye amefaulu. Mwenye 120 hupata D, naye hakufaulu. Kati ya watoto hao wawili kuna alama moja, pengine sentensi moja ya Kiingereza iliyokosa nukta. Mwaka 2024 watahiniwa wenye matokeo walikuwa 1,204,899, na waliofaulu walikuwa 974,229, yaani kama 81 katika kila mia. Ni jambo la kumshukuru Mungu. Lakini toeni, ninyi mnaojua hesabu: waliobaki walikuwa zaidi ya watoto 230,000. Hao nao walikwisha kushangiliwa mwezi uliotangulia. Walivishwa maua ya karatasi, walipigwa picha, waliitwa fahari ya familia. Je, yale tuliyowaambia siku ile yalikuwa kweli au yalikuwa mapambo?

Kama yalikuwa kweli, basi yangali kweli. Baba asimtaje mtoto wa jirani kwa jina siku hiyo. Mama asimpigie simu shangazi kwanza na kuzungumza na mtoto baadaye. Kaka na dada wasiyatangaze matokeo ya mdogo wao katika kundi la simu la ukoo kabla mwenyewe hajakubali. Mtoto apewe chakula chake cha jioni kama kawaida, na kesho yake baba na mama waketi naye waangalie njia zilizopo, na ufundi ukiwemo, bila kuusema ufundi kana kwamba ni adhabu. Aliyepata A naye asiachwe hivi hivi. Aambiwe ni nani aliyemsaidia, na aende kwa miguu yake kumshukuru mwalimu wa Darasa la Kwanza, maana mwalimu huyo huwa hatajwi kabisa katika mahafali.

Parokia nayo ina kazi. Baada ya matokeo kutoka, watoto hawa hutawanyika, na miezi miwili ile kabla ya Januari ni miezi ambayo wengi hupotea. Kalenda ya Kanisa yatusaidia tena. Tarehe 28 Desemba twaadhimisha Watoto Mashahidi wa Bethlehemu, na katika parokia nyingi watoto wa Utoto Mtakatifu hufanya sikukuu yao karibu na siku hiyo. Shirika hilo lilianzishwa mwaka 1843 na Askofu Charles de Forbin-Janson wa Ufaransa, ili watoto wawasaidie watoto. Paroko awaite siku hiyo wote waliomaliza Darasa la Saba katika eneo lake: wa shule ya masista, wa shule ya Serikali, na wale waliochungulia kwenye michongoma. Majina yasomwe kwa alfabeti, bila daraja. Wabarikiwe pamoja, wapewe uji au chai pamoja, na mwalimu mmoja wa sekondari na fundi mmoja wa parokia waje kuwaeleza yanayowangoja.

Kamati za mahafali huanza kukutana mapema, na pengine ya kwenu imekwisha kukutana. Shule ambayo imekwisha kujaribu lolote katika haya na ituandikie, barua fupi yatosha. Tuelezeni fedha mlizipata vipi, zawadi ya kwanza alipewa nani na kwa sababu gani, na watoto ambao wazazi wao hawakuweza kuchangia walikaa kiti gani. Tutazichapa barua hizo katika ukurasa huu kadiri ya nafasi.